Heshima Itokayo Mkononi mwa Mfalme: Nishani ya Victoria na Maana ya Utumishi Binafsi

Katika sheria za Uingereza, heshima zote za dola hutoka kwa mfalme. Vyeo vya Sir na Dame, nishani za vita, medali za wauguzi na walimu, vyote hutangazwa kwa jina lake na kuvishwa naye au na mwakilishi wake. Hata hivyo, kwa muda mrefu mfalme huyohuyo ambaye kwa jina lake watu waliinuliwa kila mwaka hakuwa na njia ya kumpa nishani ya dola mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Daktari aliyemuuguza, karani aliyemwandikia barua kwa miaka mingi, askari aliyemlinda safarini, hao wote angeweza kuwatunuku saa ya dhahabu au picha yenye sahihi yake, lakini nishani ilibidi ipite kwanza mezani kwa Waziri Mkuu. Tatizo hilo lilipatiwa ufumbuzi mwaka 1896, ilipoundwa Nishani ya Kifalme ya Victoria. Ufumbuzi wenyewe ulikuwa rahisi. Maswali uliyoyazaa hayakuwa rahisi hata kidogo, na baadhi yake bado yako nasi.

Mzizi wa jambo hili uko katika katiba ya Uingereza, ambayo haikuandikwa katika waraka mmoja bali imejengwa na mazoea ya karne nyingi. Mojawapo ya mazoea hayo ni kwamba mfalme hutenda kwa ushauri wa mawaziri wake, na neno ushauri hapa ni lugha ya adabu tu, kwa kuwa ushauri huo haukataliwi. Kufikia zama za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, desturi hiyo ilikuwa imezimeza karibu heshima zote. Hata Nishani ya Garter, iliyoasisiwa na Edward wa Tatu mwaka 1348 na yenye nafasi 24 tu kwa wanachama wake wa kawaida, ilikuwa imegeuka chombo cha siasa: Waziri Mkuu alipendekeza majina, mara nyingi ya matajiri na wakuu wa koo waliokiunga mkono chama chake, na Malkia aliyatia sahihi.

Utaratibu huu una hoja nzito nyuma yake, na si haki kuudharau. Heshima ni aina ya fedha. Mtawala anayeweza kugawa vyeo apendavyo anaweza kununua wabunge, majaji na majemadari, na Waingereza walikuwa wamekwisha kuionja hali hiyo chini ya wafalme wa zamani. Waziri anapopendekeza jina, yuko mtu wa kuulizwa bungeni endapo jina hilo litaleta aibu. Mfalme haulizwi na yeyote. Lakini mawaziri nao walidhihirisha kwamba mikono yao haikuwa safi zaidi. Katika miaka ambayo David Lloyd George alikuwa Waziri Mkuu, kati ya 1916 na 1922, vyeo viliuzwa kwa bei zilizojulikana mjini ili kujaza mifuko ya kisiasa, na kashfa hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1925 ya kuzuia biashara ya heshima. Mtu mmoja tu, dalali Maundy Gregory, ndiye aliyepata kutiwa hatiani kwa sheria hiyo, mwaka 1933. Kwa hiyo, anayeuliza kama ni salama zaidi heshima kuwa mikononi mwa mfalme au mikononi mwa wanasiasa anauliza swali ambalo historia haikulijibu kwa upande mmoja.

Victoria alilihisi pengo hilo muda mrefu kabla ya kulitafutia dawa. Tarehe 29 Februari 1872, kijana aitwaye Arthur O'Connor aliingia kwa kuruka ua wa Kasri la Buckingham, akalisogelea gari la farasi la Malkia akiwa ameshika bastola ambayo baadaye ilibainika kuwa haina risasi. Aliyemkamata ni John Brown, mtumishi kutoka Scotland ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwongozea Malkia farasi wake na kumtumikia kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote wa kasri. Malkia alitaka kumheshimu, naye hakuwa na nishani ya kumpa, kwa kuwa hakuna waziri ambaye angependekeza jina la mtumishi wa farasi. Basi aliagiza medali ya dhahabu itengenezwe kwa ajili yake na kumwekea posho ya pauni 25 kwa mwaka, na katika mwaka huohuo akaanzisha medali ya watumishi waaminifu wa nyumba yake. Zilikuwa zawadi za bibi mwenye nyumba kwa watu wa nyumbani kwake, na thamani yake ilikomea hapo. Wanawake wa hadhi waliomzunguka walikuwa na Nishani ya Victoria na Albert, aliyoiunda mwaka 1862, nayo pia ilikuwa pambo la ndani ya kasri isiyokuwa na cheo chochote. Brown alifariki mwaka 1883, miaka 13 kabla ya kuwepo kwa nishani ambayo bila shaka ingemfaa.

Hati ya kifalme iliyounda Nishani ya Kifalme ya Victoria ilitolewa tarehe 21 Aprili 1896. Malkia alikuwa na umri wa karibu miaka 77, na alikuwa amebakiza miezi michache kumpita babu yake George wa Tatu kwa urefu wa utawala. Hati ilisema kwamba nishani itatolewa kwa wale waliomfanyia mfalme utumishi wa kipekee, muhimu au wa binafsi, na kwamba atakayeamua ni mfalme mwenyewe. Hapakuwa na kamati wala waziri, na idadi ya wanachama haikuwekewa kikomo. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu nishani yenye idadi maalumu humlazimu mtoaji kungoja mtu afe ndipo ampe mwingine, ilhali utumishi wa nyumbani haungoji vifo. Siku ya nishani ikawa 20 Juni, siku ambayo Victoria alirithi kiti cha enzi, na kaulimbiu yake ni jina lake tu, Victoria. Alama yake ni msalaba mweupe wenye ncha nane, na katikati yake herufi za Malkia juu ya rangi nyekundu zikizungukwa na duara la buluu. Utepe wake ni wa buluu iliyokoza, wenye kingo nyekundu na nyeupe.

Ngazi zake ni tano, na huwachanganya wengi kwa sababu zimewahi kubadilishwa majina. Ngazi mbili za juu, zinazoandikwa kwa herufi GCVO na KCVO baada ya jina la mwanamume, humpa Mwingereza haki ya kuitwa Sir. Mwanamke wa ngazi ya pili huandikwa DCVO, naye huitwa Dame, kama aitwavyo mwenzake wa ngazi ya kwanza. Ngazi ya tatu ni CVO, ambayo haina cheo cha kutangulia jina. Chini yake palikuwa na ngazi mbili zilizobeba herufi zilezile za MVO, moja ikiitwa ya nne na nyingine ya tano, hata mtu aliyesoma gazeti hakuweza kujua mwenye herufi hizo yuko wapi hasa. Mwishoni mwa mwaka 1984 mkanganyiko huo uliondolewa: ngazi ya nne ikawa LVO, na ya tano ikabaki MVO. Kando ya ngazi hizo ipo Medali ya Kifalme ya Victoria, ya dhahabu, fedha na shaba, wapewayo watumishi wa kada za chini kama madereva, wapishi, watunza bustani na askari wa kawaida. Mgawanyo huo wa nishani kwa wakubwa na medali kwa wadogo ni alama ya matabaka ya Kiingereza ambayo haikufichwa wala kuonewa haya, na mimi huiona kuwa sehemu dhaifu zaidi ya mfumo mzima, kwa kuwa anayemvisha mfalme viatu kila asubuhi humtumikia kwa ukaribu kuliko mkuu wa itifaki anayekutana naye mara moja kwa mwezi.

Jambo jingine linaloshangaza ni kwamba nishani hii, iliyoasisiwa na mwanamke na kubeba jina lake, haikuwapokea wanawake kwa miaka 40. Walifunguliwa mlango mwaka 1936, katika utawala mfupi wa Edward wa Nane. Mwaka uliofuata, ulipoundwa wadhifa wa Mkuu wa nishani, aliyeteuliwa alikuwa mwanamke, Malkia Elizabeth mke wa George wa Sita, ambaye aliushika hadi alipofariki mwaka 2002. Tangu 2007 wadhifa huo umo mikononi mwa binti wa kifalme Anne. Kanisa la nishani, tangu 1938, ni kanisa dogo la Savoy katikati ya London.

Kisa kinachoonyesha vizuri kuliko vyote nishani hii ilikuwa ya kazi gani ni kile cha Abdul Karim. Karim alizaliwa India mwaka 1863 na alikuwa karani katika gereza la Agra alipochaguliwa kwenda Uingereza mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Victoria, ili ahudumu mezani. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameacha kubeba sahani. Malkia, ambaye alikuwa amepewa cheo cha Mfalme Mkuu wa India bila kuikanyaga ardhi yake hata siku moja, alimtaka amfundishe Kihindustani, akampa jina la heshima la Munshi, yaani mwalimu na mwandishi, kisha akamfanya katibu wake wa mambo ya India. Kwa zaidi ya miaka kumi Victoria aliandika kurasa kwa kurasa za mazoezi kwa hati ya Kiurdu, akiwa bibi mzee mwenye macho yaliyokwisha kufifia.

Watu wa kasri walimchukia Karim kwa chuki ambayo ndani yake mlikuwa na wivu, dharau ya tabaka na ubaguzi wa rangi usiofichika. Mwaka 1897 maofisa wa nyumba ya kifalme walitishia kujiuzulu kwa pamoja iwapo angefuatana na Malkia katika safari yake ya Ufaransa kama mtu wa hadhi sawa na wao. Malkia hakutikisika. Alikuwa amekwisha kumpatia nishani ya Dola ya India ya daraja la tatu, na sasa alimtakia cheo cha juu zaidi, hata kile cha Nawabu, cheo cha wakuu wa Kiislamu wa India. Hapo ndipo mgongano wa aina mbili za heshima unapoonekana waziwazi. Nishani ya Dola ya India na cheo cha Nawabu ni mambo ya serikali ya India. Kumpa Karim kungetafsiriwa katika kila jimbo kuwa ni msimamo wa kisiasa, na Lord Elgin, aliyekuwa mwakilishi wa Malkia huko, alishtushwa na wazo hilo. Badala yake Elgin alipendekeza kwamba Malkia atumie nishani yake mwenyewe, katika ngazi ya chini, kwa sababu hiyo ni heshima ya binafsi isiyobeba cheo wala ujumbe wowote kwa Wahindi. Hata hilo Waziri Mkuu Lord Salisbury hakulipenda. Lakini hapakuwa na karatasi ambayo Salisbury angeweza kuizuia mezani kwake. Mwaka 1899, Victoria alipotimiza miaka 80, alimteua Abdul Karim katika ngazi ya tatu ya Nishani ya Victoria, yaani CVO, juu ya ile waliyokuwa wakibishania.

Huo ndio uhuru ambao hati ya 1896 ilimpa. Lakini kisa hakiishii hapo, na sehemu iliyobaki inaonyesha mpaka wa uhuru huo. Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Karim aliruhusiwa kuuaga mwili na kutembea katika msafara wa mazishi, kisha mfalme mpya, Edward wa Saba, akaamuru barua zote za Malkia kwa Munshi zichomwe moto, na Karim akarudishwa India. Alifia Agra mwaka 1909 akiwa na umri wa miaka 46. Nishani hakunyang'anywa, lakini ulinzi uliokuwa nyuma yake ulikuwa ni upendeleo wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekufa. Anayepewa heshima na serikali huwa na serikali nzima nyuma yake. Anayepewa na mfalme kwa mapenzi yake huwa na mfalme huyo tu.

Edward wa Saba aliyemfukuza Karim ndiye aliyeieneza nishani kuliko mama yake. Alipenda sana mapambo ya heshima, alisafiri sana, na katika kila mji wa Ulaya alioutembelea kulikuwa na mabalozi, wakuu wa polisi na wasimamizi wa reli waliostahili shukrani. Wageni walikuwa wameruhusiwa kupewa nishani hii kwa heshima tangu mwanzo, ila hawaitwi Sir. Mwaka 1902 alianzisha pia Mkufu wa Kifalme wa Victoria, ambao si sehemu ya nishani yenyewe na haumpi mtu cheo wala herufi yoyote, lakini hutolewa kwa watu wachache sana, wengi wao wakuu wa nchi. Wasomaji wa Oman na pwani yetu watapenda kujua kwamba Sultani Qaboos bin Said alipewa mkufu huo mwaka 2010, wakati wa ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili mjini Muscat.

Sasa tunafika kwenye kiini cha ugumu: utumishi binafsi ni nini? Katika baadhi ya mifano jibu halina utata. Lionel Logue, Mwaustralia aliyemsaidia George wa Sita kuishinda shida yake ya kigugumizi, alipewa ngazi ya MVO mwaka 1937, wakati wa kutawazwa kwa mfalme huyo, na akapandishwa hadi CVO mwaka 1944. Hapa mtu mmoja alimtumikia mtu mwingine chumbani, kwa subira ya miaka, na hakuna wizara ambayo ingejua namna ya kuipima kazi hiyo. Vivyo hivyo kwa daktari. Sir Frederick Treves ndiye aliyempasua Edward wa Saba tumbo lililokuwa limefanya jipu mwezi Juni 1902, siku mbili tu kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa kwa kutawazwa kwake, naye ni miongoni mwa madaktari walioheshimiwa kwa nishani hii.

Lakini orodha za kila mwaka zimejaa pia watu wa namna nyingine: wawakilishi wa mfalme mikoani, makatibu wa magavana, maofisa walioandaa ziara, mabalozi waliokuwa wenyeji wa mfalme kwa siku tatu. Hawa humtumikia mfalme kama taasisi zaidi ya kumtumikia kama mtu, na mpaka kati ya hayo mawili hauchoreki kwa urahisi, kwa sababu maisha ya mfalme yenyewe hayana mpaka huo. Chakula chake cha jioni kinaweza kuwa shughuli ya dola, na likizo yake hulindwa na askari wanaolipwa na umma. Inspekta James Beaton, aliyepigwa risasi mwaka 1974 akimkinga binti wa kifalme Anne dhidi ya mtekaji, alitunukiwa Msalaba wa George kwa ushujaa, na huo ni wa dola. Miaka ya ulinzi iliyofuata ndiyo iliyomletea CVO. Mtu ni mmoja na kazi ni ileile, lakini tendo la dakika chache na uaminifu wa miaka mingi viliheshimiwa kwa njia mbili tofauti. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ina busara, kwani uaminifu wa kila siku hauna tukio la kuandikwa katika pendekezo.

Jambo moja linaweza kumduwaza msomaji: Philip, mume wa Elizabeth wa Pili, aliyemtumikia Malkia kuliko binadamu mwingine yeyote, hakuwa na nishani hii hadi tarehe 2 Agosti 2017, siku alipostaafu shughuli za umma akiwa na miaka 96. Nishani ya Garter alikuwa nayo tangu mwaka 1947.

Kanada inatoa ushahidi wa kipekee kwamba chanzo cha heshima huleta tofauti kubwa. Bunge la nchi hiyo, kuanzia azimio lililopewa jina la mbunge Nickle mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, lilikataa raia wake wapewe vyeo na serikali ya London, na mwaka 1967 Kanada ikaunda nishani yake yenyewe. Mtu angetarajia kwamba heshima zote zenye asili ya Uingereza zingeondoka pamoja. Lakini mfumo wa heshima wa Kanada ulipopangwa upya mwaka 1972, Nishani ya Victoria ilibaki ndani yake. Hoja ilikuwa kwamba haitoki kwa serikali ya Uingereza. Ilitoka kwa Malkia, naye alikuwa Malkia wa Kanada pia. Wakanada huipokea katika ngazi tatu za chini tu, ambazo hazileti cheo cha Sir wala Dame.

Linganisha hali hiyo na ya Zanzibar. Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alivikwa ngazi ya juu kabisa ya Nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ambayo tangu karne ya 19 imekuwa nishani ya mambo ya makoloni na ya nje. Ilikuwa heshima kubwa, lakini ilikuwa na ujumbe: ilimpanga Sultani katika safu moja na magavana wa Kiingereza waliotawala kando yake. Kwa upande mwingine Zanzibar haikuwa mpokeaji tu. Sultani Barghash bin Said, katika mwaka uleule wa 1875 alioizuru Uingereza, aliasisi Nishani ya Nyota Ing'aayo, na nyumba ya kisultani iliendelea kuitoa kwa wageni wake. Binti wa kifalme Margaret aliipokea katika daraja la kwanza mwaka 1956, aliposafiri Afrika Mashariki. Barghash alikuwa ametangulia Nishani ya Victoria kwa miaka 21 katika kuelewa kwamba mtawala asiye na nishani yake mwenyewe hana la kujibu anapovishwa ya wenzake. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliiondoa nishani hiyo katika maisha ya dola.

Heshima inayosimama juu ya kuaminiana huanguka vibaya pale uaminifu unapogeuka kuwa uongo. Anthony Blunt alikuwa msimamizi wa picha za kifalme kuanzia 1945, bingwa wa historia ya sanaa ambaye mwaka 1956 alipewa ngazi ya KCVO na kuanza kuitwa Sir Anthony. Mwaka 1964 alikiri mbele ya maofisa wa usalama kwamba alikuwa jasusi wa Wasovieti, kwa makubaliano kwamba hatashtakiwa na siri itatunzwa, akaendelea na kazi yake kasrini hadi 1972. Margaret Thatcher alipolitangaza jambo hilo bungeni tarehe 15 Novemba 1979, alivuliwa nishani mara moja. Kisa hiki hutajwa kama mfano wa udanganyifu wa mtu mmoja, lakini kinaeleza pia udhaifu wa heshima isiyohojiwa: kwa miaka 15 mtu aliyejulikana na dola kuwa msaliti alibeba cheo cha mtumishi mwaminifu wa Malkia, na hakuna mwananchi aliyekuwa na nafasi ya kuuliza.

Hiyo ndiyo lawama kuu hata leo. Mwingereza yeyote anaweza kumpendekeza jirani yake apewe nishani za kawaida zinazopitiwa na kamati, lakini hakuna fomu ya kumpendekeza mtu kwa Nishani ya Victoria. Majina huandaliwa ndani ya kasri, na mfalme huyakubali. Wanaoitetea husema kwamba shukrani ya mtu haiwezi kupigiwa kura, nami naona wana haki katika hilo, mradi heshima yenyewe haileti mamlaka wala fedha. Tatizo huanza pale ngazi za juu zinapotoa cheo ambacho dola nzima hulazimika kukitambua. Uholanzi, ambako Malkia Wilhelmina aliunda nishani ya nyumba ya Orange mwaka 1905 kwa ajili ya walioitumikia familia yake, jambo hili ni jepesi zaidi, kwa kuwa anayeipata habadiliki jina. Uingereza imechagua njia nyingine, na mwaka 1946 ilikwenda mbali zaidi: George wa Sita, kwa makubaliano na Waziri Mkuu Attlee na kiongozi wa upinzani Churchill, alirudishiwa uamuzi juu ya Nishani ya Garter na ile ya Thistle, nishani kuu ya Scotland. Pamoja na Nishani ya Ustahili, iliyoundwa mwaka 1902 kwa ajili ya watu 24 tu wa sayansi, fasihi, sanaa na utumishi, zote hizo leo ziko nje ya mikono ya mawaziri. Njia aliyoifungua Victoria kwa ajili ya makarani na madaktari wake ilipitisha baadaye heshima kongwe kuliko zote.

Elizabeth wa Pili alifariki Balmoral tarehe 8 Septemba 2022, baada ya miaka 70 ya utawala, akazikwa Windsor siku kumi na moja baadaye. Desturi humruhusu mfalme mpya kutoa orodha maalumu ya heshima kwa waliomhudumia aliyetangulia hadi mwisho. Orodha ya Charles wa Tatu ilitoka mwaka 2023, na ndani yake walikuwemo watu wa nyumba ya mama yake pamoja na askari wa kikosi cha Grenadier waliobeba jeneza lake mabegani, ambao walipewa Medali ya Kifalme ya Victoria ya fedha. Edward wa Saba, alipoachiwa mtumishi ambaye mama yake alimpenda, aliwasha moto. Charles alitia sahihi. Hati inayotawala nishani ni ileile ya 1896 pamoja na marekebisho yake, na katika matukio yote mawili haikumlazimisha mfalme kufanya lolote.